Mamajusi Walitoka Kabambare

Herode wa kwetu haui watoto akiwa amevaa joho. Hasira ikimpanda, kwanza analivua, analikunja mara mbili, anamkabidhi askari, ndipo anatoa amri yake mbaya. Anayeuona mchezo wetu wa Noeli kwa mara ya kwanza hudhani hiyo ni sanaa ya kina kirefu. Mgeni mmoja kutoka Kindu alinishika mkono na kunipongeza kwa jinsi nilivyoonyesha mfalme akiuvua utu wake mbele ya watu. Nilimshukuru kwa unyenyekevu. Sikumwambia kwamba lilikuwa sharti la mwenye joho.

Mwenye joho ni jirani yangu, mzee wa Kiislamu tunayemwita Shehe. Hapa Kasongo nguo za kifalme hazitafutwi mbali. Mji huu ulikuwa wa Sefu, mwana wa Tippu Tip, mpaka majeshi ya Mbelgiji Dhanis yalipouteka Aprili 1893. Utawala ule ukaenda na biashara yake ya watu na pembe, na hakuna aliyeuwekea matanga. Wali, msikiti, Kiswahili na mshono wa kanzu vikabaki. Kwa hiyo Mkristo anayetaka kumvika mfalme wa Yerusalemu hupiga hodi kwa jirani. Nikapiga hodi.

"Huyo atakayelivaa ni nani, mwalimu?"

"Ni mfalme, Mzee."

"Mfalme mwema?"

Nikakohoa. Shehe si mtu wa kudanganywa kwa kikohozi, ikabidi nimweleze habari ya watoto wa Betlehemu. Alinyamaza, akalitazama joho lake lililotundikwa ukutani kama baba anayemtazama binti yake akiposwa na mlevi.

"Aue anavyotaka," alisema mwishowe, "lakini si ndani ya joho langu. Akitaka kuua, avue."

Tena huja mwenyewe kulilinda. Hukaa benchi la mbele, karibu na masista, na kila Herode anaposhuka ngazi ya altare tunasikia: "Pindo! Inua pindo!" Herode anainua pindo, anaendelea kutisha. Safari moja Shehe aliniuliza mtende uko wapi, kwa sababu katika sura ya Maryamu ndani ya Kurani mama yule anashikwa na uchungu penye shina la mtende. Nikamjibu kwamba kwa Luka hakuna mtende. Akaniangalia kwa huruma. Mwaka uliofuata nilisimamisha tawi la mchikichi kando ya zizi, maana mtende sina, na mama mmoja wa Legio ya Maria akataka kujua kama Yosefu siku hizi anakamua mawese.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Miezi 11 nafundisha kugawanya. Desemba nageuka metasene, neno la Kifaransa lililofika kwetu likiwa limechoka, na maana yake ni mtu wa kulaumiwa. Kazi hii nimeirithi kwa katekista wetu mzee, aliyeuongoza mchezo huu tangu enzi za Zaire. Mwaka 1974 Mobutu aliifuta Noeli katika siku za mapumziko, ikawa siku ya kazi kama nyingine zote. Katekista husimulia kwamba mwaka ule Herode alipanda jukwaani usiku na matope ya salongo, ile kazi ya lazima, miguuni, na bado kila mtu alifika kwa wakati. Hayo maneno ya mwisho hunisomea kila Majilio, polepole, kama zaburi.

Niseme ukweli: naipenda kazi hii kupita kiasi. Kuanzia wiki ya kwanza ya mazoezi sili vizuri, naamka usiku kuandika mstari wa mchungaji wa tatu, naimba nikioga. Mke wangu huiita malaria ya Noeli, na anasema hii haina kidonge.

Tuanze na malaika. Gabrieli wetu ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, mrefu, mwenye sauti safi na mwenye msimamo mmoja usiotikisika: malaika ametumwa kutoka juu, basi ni mtu wa serikali, na mtu wa serikali husema Kifaransa. Nilimkatalia katika mazoezi yote. Usiku wenyewe, alipowaona wakubwa wa teritwari wamekaa mbele, alikunjua mabawa akamwaga Kifaransa chote alichokuwa amejiwekea kwa ajili ya mtihani wa diploma. Mariamu, ambaye mchana ni fundi cherehani, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema neno ambalo Luka hakuliandika:

"Papa, sogea karibu, sema tena polepole, kwa Kiswahili. Kama ni habari ya mimba, mimi nataka kuelewa."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka popo wakatoka kwenye paa. Tangu hapo neno hilo limeingia rasmi katika mchezo, na nikithubutu kulitoa sitauza tikiti. Hatuuzi tikiti, lakini mnanielewa.

Mwenye kazi ngumu kuliko Herode ni yule wa nyumba ya wageni. Hakuna mtu wa Maniema anayekubali kuona mama mjamzito akifukuzwa usiku, hata kwa mchezo. Kijana anatamka maneno mawili tu, "Hakuna nafasi," na kanisa zima linaguna. Mwaka ninaousimulia, mama mmoja wa benchi la tatu alisimama, akakaza kitenge kiunoni, akaita: "Yosefu! Mlete kwangu, kitanda kipo!" Yosefu, badala ya kumpuuza, akamgeukia kwa adabu akamuuliza nyumba yenyewe iko upande gani. Ilinibidi nitoke nyuma ya pazia kumrudisha ndani ya Injili. Na yule kijana wa watu alitaabika mpaka Pasaka. Kila alipokwenda kununua mikate asubuhi, muuzaji alifunika beseni na kumwambia: "Hakuna nafasi."

Halafu kuna punda. Hatuna. Lawama namwekea Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye mwaka 1223, huko Greccio, aliadhimisha Noeli penye hori lenye majani makavu, pamoja na ng'ombe na punda wazima. Tangu hapo kila parokia duniani inahangaika kutafuta mnyama. Sisi tulipata beberu mweupe wa fundi baiskeli, tukamfunga masikio marefu ya katoni. Moja alilila kwenye mazoezi. Nikaamua kwamba mchezo wetu utakuwa na punda wa sikio moja, aliyepigana njiani.

Sasa Mamajusi. Mathayo anasema walitoka mashariki. Fungua ramani: mashariki ya Kasongo ni Kabambare. Na katika teritwari hiyohiyo ya Kabambare ndiko iliko Namoya, kwenye dhahabu inayochimbwa tangu enzi za Wabelgiji. Mtu ukipewa mashariki na dhahabu mahali pamoja, halafu ukawavika vijana wa mtaani taulo kichwani na kusema ndio Mamajusi, hiyo ni dharau kwa Mungu na kwa jiografia. Niliandika Kabambare kuomba wanaume watatu wenye sauti ya besi. Walikubali. Wangeondoka tarehe 21, watatu juu ya pikipiki moja na dereva wa nne.

Katekista aliposikia akatikisa kichwa. Kabambare, alisema, haimwachii mtu haraka. Livingstone mwenyewe alikwama huko mwaka 1870, karibu miezi mitatu, kwa vidonda vya miguu. Ni kweli, na Livingstone aliandika kwamba katika siku zake za Manyema aliisoma Biblia yote mara nne. Mamajusi wangu nilikuwa nimewapa karatasi moja tu, pande mbili.

Mvua ilinyesha tarehe 21. Ikanyesha tarehe 22. Tarehe 23 ilipumzika kidogo, ili ipate nguvu ya tarehe 24.

Usiku wa mkesha kanisa lilijaa mpaka madirishani. Malaika alisema Kifaransa, Mariamu akataka tafsiri, nyumba ya wageni ikazomewa, kila kitu kilikwenda sawa. Herode akaketi kwenye kiti cha enzi, joho likimeremeta, akatamka mstari wake: "Nasikia kuna wageni kutoka mashariki. Waingizwe!" Kila jicho likageuka mlangoni. Mlangoni kulikuwa na mbwa.

"Nasema waingizwe!"

Mbwa akaondoka.

Herode wetu ni mchinjaji sokoni, mtu asiyezoea kungoja. Alimtuma askari akawaangalie. Askari alitoka na hakurudi. Baadaye tulisikia alionekana kwa muuza karanga. Akamtuma wa pili. Akaimba wimbo mmoja ambao haumo katika mchezo wowote, kisha akawauliza watu habari za mavuno ya mpunga, nao wakamjibu. Nyuma ya pazia nilimwonyesha kwa mikono: vuta, vuta! Akadhani nasema vua. Akalivua joho, akaanza kulikunja. Kutoka benchi la mbele sauti ikapaa: "Bado! Bado! Hujafika kwenye kuua!" Akalivaa tena. Watu wakaanza kumpenda Herode, jambo ambalo kwa metasene ni hatari kubwa.

Hapo ndipo grupu ilipokohoa mara tatu na kukata roho. Taa zikazimika, bafle zikanyamaza, kinanda cha umeme kikageuka meza. Padri alinikuta gizani nikijipiga kipaji cha uso, akaninong'oneza kwa upole kwamba nisihuzunike: hata ule wimbo maarufu wa usiku mtulivu, ulipoimbwa mara ya kwanza mwaka 1818 pale Oberndorf, Austria, chombo kilikuwa gitaa tu.

"Padri," nikamwambia, "wao walikuwa na gitaa."

Akaenda kutafuta mshumaa. Mimi nikaamua. Nikamshika katekista na wachungaji wawili, nikawafunga taulo kichwani, zilezile nilizozidharau, nikawapa zawadi zilizokuwa karibu: termosi, mche wa sabuni na sahani ya mchele. "Nendeni mkaabudu, msiseme kitu." Walikwenda, wakamulikiwa kwa tochi za simu, wakapiga magoti mbele ya hori. Katekista, kwa miaka yake, alipiga magoti kwa awamu.

Hajamaliza goti la pili, mlango mkubwa ukafunguka na mwanga ukaingia, mweupe, mkali, wa moja kwa moja mpaka altareni. Watu wakashangilia. Nyuma ya mwanga kulikuwa na mlio wa pikipiki, na nyuma ya mlio kulikuwa na mashariki yenyewe: wanaume watatu waliopakwa matope toka viatu mpaka nyusi, mmoja amebeba mwenzake, mwingine amebeba gurudumu la akiba. Siku nne njiani. Magogo ya daraja yalikuwa yamechukuliwa na maji, wakavusha pikipiki kwa mtumbwi, wakaisukuma zaidi ya kuipanda. Hawakuuliza tumefika wapi. Walitembea katikati ya kanisa wakiimba, na zile besi, jamani! Zilitoka chini kabisa, kama zinapandishwa kutoka shimoni. Hazikuhitaji kinanda, wala grupu, wala metasene.

Walipofika wakawakuta Mamajusi wengine watatu wamekwisha kupiga magoti. Wakanitazama. Nikamfanyia katekista ishara ainuke. Akajibu kwa sauti, kanisa zima lisikie: "Nimeshapiga, siinuki." Basi wakapiga magoti wote sita. Wa saba alikuwa dereva, aliyepanda mpaka altareni na kusimama nyuma yao, mkono umenyooshwa, akiuliza Familia Takatifu: "Nani analipa?" Yumo katika picha zote. Watu waliokaa nyuma walidhani ndiye mkuu wao, na kusema kweli yeye peke yake ndiye aliyekuwa na tamthilia usoni.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeketi juu ya bafle nyuma ya pazia, nimeuma kofia yangu nisisikike, machozi yananitiririka. Mke wangu alinikuta hivyo, akapapasa shingo yangu kuona kama nina homa.

Lakini kuna jambo ambalo sikulijua usiku ule. Mmoja wa Mamajusi ni mchimbaji wa Namoya. Mimi nilikuwa nimemwagiza kopo la maziwa lililopakwa rangi ya manjano. Yeye alileta punje ya kweli, uzito wa njiti ya kiberiti, imeviringishwa ndani ya karatasi ya sigara, na aliiweka kwa heshima ndani ya hori, juu ya majani makavu ya mpunga. Nilipomuuliza kesho yake, alishangaa. "Mwalimu, kwa Mwana wa Mungu nilete kopo?"

Mtoto mwenyewe hakuwa tena horini. Taa ya pikipiki ilimpiga machoni, akalia, mama yake mzazi akapanda akamchukua bila kumwomba ruhusa Mariamu. Hori likabaki na majani na dhahabu. Na punda wa sikio moja, ambaye alikuwa hajala tangu adhuhuri.

Siku tatu Kasongo iliona ambayo hata Mathayo hakuyaona: watu watatu kutoka mashariki wakimfuata beberu mmoja toka mtaa hadi mtaa, kwa subira, na karai la kuoshea dhahabu. Alipopumzika walipumzika. Alipoinua mkia waliinuka. Shehe alitoa kiti nje akaketi kutazama, joho likiwa salama mapajani, na akanieleza kwamba jambo hili lote lisingetokea kama ningeleta mtende wa kweli. Fundi baiskeli, aliyekuwa ameahidi kumuuza yule beberu kwa kitoweo cha Bonane, alivunja mkataba asubuhi ya kwanza na hataki kusikia bei yoyote.

Siku ya nne Mamajusi walikata tamaa, na kwa kuwa daraja lilikuwa bado halijatengenezwa, wakarudi kwao kwa njia nyingine, kama ilivyoandikwa.

Juzi nimepata ujumbe wa dereva. Safari hii wataondoka tarehe 15, nauli ni ileile, na yeye anataka apewe maneno ya kusema, maana mwaka ule watu walimpenda. Nimekesha na kalamu. Nimejaribu kumwandikia kitu cha kinabii, cha nyota na safari ndefu. Nimefuta yote nikamwachia mstari wake: "Nani analipa?"