Sifa za Tawi Lisilorudi Shinani

Wengine na wasifu mito na simba. Mimi niko Bombambili hapa Songea, bando linakaribia kukata, nalisifu tawi langu katika hazina ya msimbo ya mradi mmoja wa programu huria. Jina la mradi nalisitiri.

Kulifuga si gharama. Katika Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, tawi kwa kawaida ni faili dogo la baiti 41: herufi na tarakimu 40 za kutaja komiti ya mwisho, yaani badiliko la karibuni lililohifadhiwa, na alama moja ya kufunga mstari. Kuku anakula, mbwa anakula. Tawi halili.

Tena lina stara. Usiku wa manane nimeshavunja ukurasa wa kuingilia mara tatu humo ndani, na waliokuwa shinani wakalala usingizi wao.

Na uzazi je! Nililifungua kwa jina “rekebisha-tarehe”. Likazaa “rekebisha-tarehe-2”, kisha “rekebisha-tarehe-mwisho”, na huyu kitinda mimba, “rekebisha-tarehe-mwisho-kweli”. Tarehe bado inakosea, lakini ukoo umepanuka.

Uaminifu wake ndio unaonitoa machozi. Tovuti ya GitHub ilipoanza Oktoba 2020 kuliita shina la hazina mpya “main” badala ya “master”, wenzangu nao wakabadilisha letu. Tawi langu halina habari. Bado linamtafuta “master”, kama mjumbe mwenye barua ya mwenyekiti wa mtaa aliyeangushwa uchaguzi uliopita.

Siku niliyothubutu kuliunganisha na shina, skrini ilijaa mishale: maneno yangu juu, ya wenzangu chini, katikati alama za usawa zimekaa kama wazee wa baraza. Bila ugomvi ule ningejuaje kwamba wenzangu walikuwa wakifanya kazi?

Wanaodai tawi lisilorudi ni hasara watazame eLMIS, mfumo wa kufuatilia dawa za vituo vyetu vya afya. Ulichipuka kwenye programu huria ya OpenLMIS ukapata shamba lake. Langu nalo lina ndoto hizo, likishapatana na tarehe.

Msimamizi huniandikia kwa upole: “Kaka, lile tawi tulifute?” Namjibu, “Subiri kidogo.” Mvua za msimu zimeshapita mara mbili.

Nina mjomba Mbinga, mkulima wa kahawa. Siku za kupogoa mibuni hupita na mkasi mstari kwa mstari. Chipukizi lisilo na faida haliulizwi limetoka wapi. Akija Songea kunisalimia, kompyuta naifunika kwa kitambaa.