Mwongozo Mfupi kwa Ndumilakuwili Mheshimiwa

Kabla ya yote, uwe na pesa. Kuwa na nafsi mbili katika London ya Malkia Victoria ni anasa. Maskini akifanya maovu ni mhalifu tu, hakuna atakayemtungia riwaya. Udaktari unafaa sana. Ndio aliouchagua Henry Jekyll katika kitabu cha Robert Louis Stevenson kilichotoka Januari 1886, na daktari haulizwi kwa nini taa ya maabara yake inawaka usiku wa manane.

Kwenye nyumba usifanye ubahili, maana siri yote imo milangoni. Mlango wa mbele uwe wa fahari, na mtumishi mzee wa kupokea wageni. Wa nyuma utokee uchochoroni, rangi imebabuka, bila kengele. Stevenson alisema baadhi ya mambo ya kisa hiki yalimjia ndotoni akiwa Bournemouth. Sawa, lakini utotoni kwao Edinburgh palikuwa na kabati lililotengenezwa na William Brodie, mchana seremala na diwani, usiku mwizi aliyenakili funguo za wateja wake kwa nta. Brodie alinyongwa mwaka 1788. Mtoto akilala karibu na kabati kama hilo, ataota nini kingine?

Sasa dawa ya kujigeuza. Wengi hudhani ndiyo inayoleta uovu. Wapi! Jekyll anakiri kwamba starehe zake za siri zilianza ujanani. Alichokosa ni sura ya kuzifanyia. Ukinywa utakuwa Edward Hyde: mfupi, kijana kuliko wewe, wa kuchukiza ingawa hakuna awezaye kutaja kasoro yake. Akimkanyaga mtoto barabarani, lipa pauni 100: kumi za dhahabu, zilizobaki kwa hundi yenye sahihi ya mheshimiwa. Hundi ile karibu imuumbue Jekyll, kwa hiyo akamfungulia Hyde akaunti katika benki nyingine. Fuata mfano wake mapema.

Andika pia wasia kwamba ukitoweka zaidi ya miezi mitatu, Hyde arithi kila kitu. Wakili wako atakosa usingizi, ila adabu itamzuia kukubana kwa maswali. Mimi huyu wakili, Utterson, hunikera kuliko Hyde mwenyewe: ana shaka, ana wasia mkononi, na bado ananyamaza kiungwana.

Kama maabara ni kazi nyingi, iga Dorian Gray wa Oscar Wilde, 1890: picha yako izeeke badala yako kwenye chumba cha juu, nawe uendelee kualikwa chakula cha jioni. Ila usiikaribie na kisu.

La mwisho, limbikiza chumvi ya dawa. Ya Jekyll ilipokwisha alitafuta nyingine London nzima, kila aliyoletewa ikashindwa kazi. Akabaki kuamini kwamba ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa na uchafu, na uchafu huo ndio uliofanya kazi. Ulikuwa uchafu gani, hakujua.