Swifa ya Kukaa Mbali

Hasani bin Ismail alimtungia mganga Nguvumali utenzi mzima wa swifa, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Pwani yetu imezoea mambo hayo. Mnazi umesifiwa, dau limesifiwa, na bibi harusi husifiwa mpaka mwenyewe akaanza kushuku kuwa anasemwa mtu mwingine. Lakini sijamsikia bado aliyesimama kumsifu mtu anayelala Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kufanya kazi Vingunguti. Wanamhurumia tu. "Pole na safari, kaka," wanamwambia, kwa sauti ileile ya kwenye msiba. Mimi ni mmoja wa watu hao, pole zimenitosha, na leo nasema hadharani: hakuna maisha yenye heshima, elimu na afya kuliko kukaa shamba na kufanya kazi mjini, hasa ikiwa kati ya shamba na mji umewekewa Barabara ya Nyerere.

Tuanze na nasaba, maana swifa isiyo na nasaba ni tangazo la biashara. Mkubwa wetu ni Mwalimu Nyerere mwenyewe. Aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 hakwenda kukaa Oysterbay na wakubwa wa wakati ule. Alikwenda kufundisha shule ya Wakatoliki ya St. Francis huko Pugu, vilimani, kilomita kama 20 kutoka mjini. Mshahara wake ulikuwa Pugu. Kazi yake hasa ilikuwa Kariakoo. Mwaka 1953 akachaguliwa kuongoza chama cha TAA, na Julai 1954 TANU ikazaliwa. Wazee husimulia kuwa siku nyingine aliteremka mjini kwa miguu. Mwaka 1955 akatakiwa achague ualimu au siasa, akaacha ualimu. Wanahistoria wanaeleza uamuzi ule kwa sababu nzito nzito, nami siwapingi. Ila ninavyoijua njia ile, naona ipo sababu waliyoiruka: mtu hawezi kwenda na kurudi Pugu kila mara halafu akabaki na subira na serikali iliyopo. Barabara ya Pugu baadaye ikapewa jina lake. Waliofanya hivyo walijua wanachokifanya.

Mto Msimbazi nao ni mwenzetu. Unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, unamwaga baharini karibu na Daraja la Selander. Masika tunaondoka pamoja alfajiri, mto na watumishi, na mto ndio unaowahi. Umekuwa ukifanya safari hiyo tangu kabla ya Wajerumani kuanza kutandika reli ya kati mwaka 1905, na sijasikia mtu akiuambia pole.

Kisha wapo ng'ombe. Pale Pugu Mnadani ndipo mifugo kutoka Dodoma, Singida, Shinyanga na kwingineko inapouzwa kwa ajili ya jiji, na wengi wa walionunuliwa huteremshwa kwa malori mpaka machinjioni Vingunguti. Njia yao ni yetu, saa zao mara nyingi ni zetu, na ukisimama kwenye foleni ya Gongo la Mboto unaweza kutazamana na fahali wa Kisukuma dirisha kwa dirisha. Yeye amesimama, wewe umesimama. Yeye ana nafasi ya kugeuza shingo. Akifika Vingunguti anapokewa na daktari wa mifugo, anapimwa, na baadaye nyama yake inapigwa muhuri kuthibitisha kwamba ilikuwa nzima. Mimi nikishuka hapohapo, nikiwa na goti lililokufa ganzi na shati lililopasuka mfuko, hakuna aliyewahi kunikagua hata ini. Lakini ninao ukubwa mmoja juu ya fahali yule: mimi jioni narudi. Ndiyo cheo chenyewe, na nakishikilia.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu mwenye akili zake akae huko. Wanaouliza hivyo hawajawahi kuambiwa na mwenye nyumba wa Buguruni alete kodi ya miezi sita kwa mpigo, na akishaleta aambiwe kuwa maji ni ya ndoo na choo ni cha wote. Chanika kuna viwanja. Ishirini kwa ishirini, mikorosho miwili ndani yake, hati ya mauziano imegongwa muhuri wa serikali ya mtaa, na dalali ameapa kwa jina la mama yake kwamba ni dakika tano kutoka barabarani. Umeme uko njiani. Nguzo ulizionyeshwa zimelala majanini. Nilikinunua kiwanja changu kwa bei ya kutupa. Salio nalilipa kila alfajiri saa kumi, na mpaka sasa sijaonyeshwa linaishia lini.

Nyumba ninayo, shamba ninalo. Napata mihogo yangu, mchicha wangu, na hewa ambayo wenzangu wa Tabata hulipia mapumziko Bagamoyo ili waivute. Ni kweli kwamba anayeivuta hasa ni mama watoto, na kwamba mihogo hiyo mimi huiona ikiwa tayari imechemshwa. Ni kweli pia kuwa mbwa wangu hunibwekea mpaka leo. Simlaumu. Aliletwa kubwekea watu wanaoingia usiku, naye hajawahi kuniona nikiingia mchana, isipokuwa Jumapili, siku ambayo huwa ananitazama kwa mashaka lakini kwa adabu. Mtu wa mjini ana mbwa anayemjua na hana uwanja. Mimi nina uwanja. Nani katuzidi?

Sasa afya. Kuna watu jijini wanalipa fedha kwenye vyumba vya mazoezi ili wanyanyue vyuma. Gari ya Chanika inafanya kazi hiyo kwa nauli. Mkono wa kulia unaning'inia kwenye bomba, wa kushoto unalinda simu, mguu mmoja umepata sakafu na mwingine unasubiri zamu yake, shingo imelala upande kufuata dari ya Coaster iliyotengenezwa kwa ajili ya Wajapani waliokaa. Konda anapita mahali ambapo hata hewa imeshindwa kupita. "Mzee wangu, sogea nyuma, kuna nafasi ya mtu mzima kabisa." Unatazama nyuma na huoni nafasi, unaona mtu mzima. Unasogea hivyohivyo, na kweli nafasi inapatikana, jambo ambalo sijapata mwalimu wa fizikia wa kunieleza.

Elimu nayo haina ada. Redio ya dereva inakusomea magazeti yote kabla hujafika Ukonga. Muuza dawa anapanda Gongo la Mboto na chupa moja inayotibu mgongo, ngiri na nuksi. Mhubiri anapanda na kitabu, na wakikutana katika gari moja unapata mdahalo ambao bungeni wangeulipia posho. Unajifunza jiografia: baada ya Gongo la Mboto konda anauliza kwa sauti, "Mombasa wapo?" na watu wanashuka Mombasa, palepale Ukonga, bila pasipoti. Unajifunza uchumi. Desemba 2023 LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, ilipopandisha nauli ya safari fupi kutoka shilingi 500 hadi 600 na kumwacha mwanafunzi kwenye 200 yake, sikuhitaji mtaalamu anieleze kwa nini asubuhi ile konda alikuwa haoni tena sare ya shule hata ikiwa nyeupe.

Lakini somo kubwa kuliko yote ni la jioni, na linaitwa kugeuza. Asiyekaa mbali hawezi kulielewa, kwa hiyo nitakwenda taratibu. Jioni gari zinazokuja kutoka Kariakoo zinapita Vingunguti zimeshajaa mpaka mlangoni, na makonda wamening'inia nje mithili ya nguo zilizoanikwa. Ukizisubiri utakesha. Mwenye hekima anavuka barabara. Anapanda gari inayokwenda Kariakoo, yaani upande ambao si kwao, analipa nauli, anakaa kwenye kiti, anakwenda mpaka mwisho, gari inageuza, analipa tena, na sasa anarudi amekaa. Anapita tena palepale Vingunguti aliposimama saa nzima iliyopita, na kupitia dirishani anawaona wenzake wakiwa bado wanangoja. Hawapungii mkono. Anafumba macho, maana sheria ya aliyekaa ni kulala kabla mama mjamzito hajapanda. Nimesikia juu ya wanafalsafa wa Ugiriki waliobishana iwapo mtu anaweza kufika anakokwenda. Wangekuja Vingunguti saa kumi na mbili jioni, ubishi ungekwisha.

Na wanaogeuza ni waungwana. Vijana hupitia dirishani, wanatanguliza kichwa au mkoba, na mkoba uliowekwa kitini ni hati miliki inayoheshimiwa kuliko ile ya kiwanja changu. Nimeona watu wakigombana Chanika juu ya mpaka wa shamba uliopimwa. Sijaona mzozo wa mkoba wa dirishani ukichukua zaidi ya kituo kimoja.

Heshima ya kutembelewa na wakuu wa dunia tunayo pia. Masaki wana mabalozi, sisi tuna Uwanja wa Ndege. Mwaka 2013 peke yake Xi Jinping alitua Machi na Barack Obama akatua Julai, na anayetua pale akielekea Ikulu anatumia barabara yetu. Msafara ukija, trafiki anainua mkono na sisi tunasimama. Wenye haraka hulalamika. Mimi naona ni adabu: mgeni katoka mbali, amsalimie mwenyeji, na mwenyeji ndiye huyu aliyekwama hapa kituo cha Banana tangu saa kumi na moja na nusu. Kituo cha abiria namba tatu kilipofunguliwa mwaka 2019 tukaongezewa mandhari. Ndege ya Mwanza inatua juu ya vichwa vyetu, abiria wanashuka, wanachukua mabegi, wanapanda teksi, wanatukuta. Tunajongea nao pamoja mpaka Tazara, na daraja la juu la Mfugale, lililofunguliwa 2018, linatuvusha bila ubaguzi hadi kwenye foleni ya upande wa pili.

Nisiisahau reli, ijapokuwa imenitia wasiwasi. Treni za jijini zilipoanza Oktoba 2012 watu waliziita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, na baadaye tukapata ya kutoka Stesheni hadi Pugu. Hiyo ni treni ya heshima: inajaa, inachelewa, inaeleweka. Lakini Juni 2024 ikaja ya umeme, ya Morogoro, inayotumia chini ya saa mbili, na tangu hapo mambo yameharibika. Mtu anaweza kuagana na mkewe Morogoro na akafika Dar es Salaam kabla ya mtu aliyeagana na wake Chanika. Kinachoniuma ni cheo. Kama mtu wa mkoani anafika mapema kuliko sisi, basi wa mkoani ni sisi, na hatukuandikiwa barua.

Na sasa wanatuletea mabasi ya mwendokasi. Yale ya Kimara yalipoanza Mei 2016 tulikaa kimya, tukijua kuwa hayo ni ya wenzetu. Lakini awamu ya tatu imechimba katikati ya Barabara ya Nyerere kuja Gongo la Mboto, zaidi ya kilomita 23 ukihesabu na matawi yake, na wapo wanaosema kwa furaha kabisa kwamba safari yetu itapungua kwa zaidi ya nusu. Hivi wamefikiria? Muuza dawa atapanda wapi? Kugeuza kutabaki na maana gani? Mimi nikifika nyumbani saa kumi na mbili, mwanga bado upo, nitakaa wapi, maana kiti cha kibarazani saa hizo ni cha mama mkwe? Tena kuna hatari kubwa zaidi: barabara ikifunguka, mji utahamia Chanika, wapangaji watakuja, watakata mikorosho, wenye nyumba wataanza kudai kodi ya miezi sita, na kijana fulani wa ofisini atanitazama usoni na kuniambia kwamba nakaa karibu.

Sitaki yanikute. Nimeshaanza kuulizia kiwanja kule mbele, Maneromango. Dalali amenihakikishia ni dakika tano tu kutoka lami. Nilipomuuliza lami ipi, akasema iko njiani.