Vituko Sita vya Kichapo cha Wiki Sita

Mei 10, 1940 Wajerumani walianza kushambulia. Juni 22 Ufaransa, yenye jeshi lililoogopwa Ulaya nzima, ikatia saini ya kusalimu amri. Wiki sita! Fundi cherehani aliyekuahidi suti ya Idi hajakata hata kitambaa. Kamati ya kupanga vituko hivi ilikuwa na mjumbe mmoja, mimi, na kura zilikuwa za siri. Tunaanzia mkiani.

6. Ukuta wa Maginot
Ni mstari wa ngome za Ufaransa mpakani na Ujerumani. Kila mtu anaucheka, ndiyo maana nimeuweka huku chini. Ukuta haukuwa na kosa; pigo kuu la Wajerumani liliuzunguka tu. Hukumu: kufuli lilikuwa zima, mlango wa uani ndio ulioachwa wazi.

5. Msitu wa Ardennes
Ndio huo mlango wa uani. Mwaka 1934 Marshali Pétain wa Ufaransa alisema hapapitiki, ila kwa sharti paandaliwe vizuri. Sharti likasahaulika. Vifaru na malori ya Wajerumani yakabanana humo, pua kwa mkia, kilomita na kilomita. Marubani wa Kifaransa waliiona foleni hiyo wakaripoti; wakubwa hawakushtuka. Mei 13 Wajerumani walikuwa wanavuka mto Meuse pale Sedan. Hukumu: foleni pekee ninayoijua iliyofika kabla ya wakati.

4. Behewa la Compiègne
Mwaka 1918 Wajerumani walisalimu amri ndani ya behewa la treni. Hitler akaagiza ukuta wa makumbusho ubomolewe, behewa livutwe hadi palepale lilipokuwa, naye akakalia kiti cha Marshali Foch, Mfaransa aliyewasainisha Wajerumani mwaka 1918. Kisha akalibeba hadi Ujerumani, ambako liliteketea. Hukumu: kinyongo daraja la kwanza.

3. Baraza la wazee
Penye wazee haliharibiki neno, sivyo? Jenerali Gamelin, mkuu wa majeshi ya Ufaransa, miaka 67, aliboronga, akaondolewa. Damu mpya iliyoletwa: Jenerali Weygand, miaka 73, kutoka Beirut. Akafuta mpango wa mwenzake, akapoteza siku kadhaa akikagua, kisha akatoa wake, karibu uleule. Serikalini akaingizwa Pétain, miaka 84. Hukumu: neno liliharibika.

2. Kifaru kiitwacho Eure
Wenye utani kwamba Wafaransa hukimbilia bendera nyeupe, sogeeni hapa. Mei 16, kijijini Stonne, Kapteni Mfaransa Pierre Billotte aliingia na kifaru chake, Eure, akakuta vya Wajerumani vimejipanga barabarani. Akapiga cha mbele na cha nyuma, vya katikati vikakosa pa kukimbilia. Viliteketea 13. Kifaru chake kilirudi na alama 140 za makombora, na hakuna hata moja lililopenya. Hukumu: shikeni adabu.

1. Jenerali asiyepatikana
Mnasema, kama vifaru vya Wafaransa vilikuwa hivyo, na vingi kuliko vya Wajerumani, walishindwaje? Twendeni ngome ya Vincennes, pembeni mwa Paris, makao makuu ya Gamelin. Hapakuwa na redio. Redio, jamani, mwaka 1940! Amri zilikwenda kwa simu ya waya, au kwa mjumbe wa pikipiki: bodaboda wa jenerali, bahasha kifuani, akipenya katikati ya wakimbizi na mikokoteni yao, anafika na kukuta kikosi alichotumwa kwake kimeshahama. Upande wa pili Jenerali Guderian wa Wajerumani alikuwa nyuma tu ya vifaru vyake, akiongea navyo kwa redio. Hukumu: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa, na Wajerumani hawakusubiri ajaribiwe tena baadaye.

Najua wapo watakaoapa kwamba Ardennes ilistahili namba moja. Leteni hoja, kamati inapokea rufaa, ingawa hakimu ni yuleyule. Hoja ya woga tu ndiyo siipokei: katika wiki hizo sita walikufa askari wa Ufaransa zaidi ya 50,000, wakiwemo maelfu waliotoka Afrika Magharibi.