Mwandishi Kakosea Muuaji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amemtuma mwakilishi wake, ambaye naye amebanwa na kikao akamtuma dereva, Ndugu Dereva, karibu meza kuu, usiogope, kaa kwenye hilo kochi, Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mhasibu wa Kamati, wakutubi wetu, wapenzi wasomaji, na nyinyi wanafunzi mliokusanywa barabarani ili viti visibaki vitupu: itifaki imezingatiwa.

Mshereheshaji amenitambulisha kama "mpenzi wa riwaya". Namsamehe. Mpenzi wa riwaya ni mtu anayesoma kurasa tatu kitandani akapitiwa na usingizi. Mimi ni Bingwa wa Vifo vya Kubuni Afrika Mashariki na Kati, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kuona wahusika wanachelewa. Makofi tafadhali. Hayo si makofi, hayo ni kuua mbu. Rudieni.

Nimeombwa nieleze kwa nini riwaya nyingine ya upelelezi humwacha msomaji anatabasamu peke yake kama aliyeokota hela, na nyingine humfanya aitupe chini ya uvungu. Jibu langu ni fupi, na mngeweza kwenda nyumbani sasa hivi, ila chai haijaiva. Riwaya nzuri ni ile ambayo muuaji ni yule niliyemtaja mimi. Riwaya mbovu ni ile ambayo mwandishi amekosea muuaji.

Naona mnacheka. Chekeni, lakini andikeni.

Kwa kawaida mimi humtambua muuaji mapema, mara nyingine kabla maiti haijapatikana. Nikishamtambua, najikalia zangu kusubiri mwandishi anifikie. Mwaka 1926 mama mmoja wa Kiingereza, Agatha Christie, alitoa riwaya iitwayo The Murder of Roger Ackroyd. Tajiri anachomwa kisu chumbani mwake. Nyumbani kuna mtumishi, Parker, mwenye kunyatianyatia milangoni. Tena inakuja kubainika kwamba huyu Parker aliwahi kumtisha bosi wake wa zamani kwa siri zake ili ampe fedha. Mtu ana mlango, ana tabia, ana historia! Nikamshika palepale. Mwishoni Christie anasema muuaji ni daktari, yuleyule anayetusimulia hadithi yote tangu mwanzo.

Nani huyo anayeguna? Kitabu kina karibu miaka mia, mama yangu. Ulikuwa na muda wa kutosha.

Basi nikarudi nyuma kumkagua daktari huyo, nia yangu ikiwa ni kumuumbua mwandishi. Nikafika pale anaposimulia jinsi alivyoagana na tajiri. Barua inaletwa chumbani saa tatu kasoro dakika ishirini usiku. Daktari anatoka saa tatu kasoro dakika kumi, na barua bado haijasomwa. Anatutajia nyakati zote mbili bila kuulizwa, halafu anaongeza kwamba alisita mlangoni, akajiuliza kama kuna jambo amelisahau. Uongo haumo hata neno moja. Kilichomo ni dakika kumi ambazo hakuna aliyezihesabu, na ndani yake mtu ameuawa. Tumepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa tulikuwa tunaiona!

Wapo waliolalamika wakati ule kwamba hiyo ni hila chafu. Dorothy L. Sayers, naye mtunzi wa riwaya hizihizi, akamtetea mwenzake: kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu. Wasomaji wa kawaida huniambia kwamba wakifika mwisho wa kitabu kile wanakianza upya usiku uleule, ili waone walipotelezea. Wanafurahi kushindwa, mradi wameshindwa mbele ya macho yao! Mimi silielewi jambo hilo na wala sitaki kulielewa. Parker alikuwa na hatia. Nimemwandalia hukumu yake nyumbani, ipo kwenye faili.

Naona Mhasibu ananijia kwa kunyata na karatasi ya kusaini. Hiyo ni posho, wanafunzi, msishtuke, ni jambo la kitaalamu. Nasaini hapa, na hapa. Asante. Mikono imejaa sasa: miwani, kipaza sauti, bahasha, na hii nakala yangu ya Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, kitabu cha mwaka 1965 ambacho kwa jina lake tu hukufanya uitazame simu kwa jicho la pembeni. Kuna ukurasa nitawasomea baadaye. Naweka alama hapa, nisije nikaupoteza. Ndugu Dereva, nishikie kitabu.

Twende kwenye sheria. Mwaka 1929 padri wa Kiingereza, Ronald Knox, aliwatungia waandishi hawa amri kumi. Mpelelezi asiwe ndiye mhalifu. Njia ya siri isizidi moja. Pacha asizuke bila msomaji kuandaliwa. Na rafiki wa mpelelezi, yule wa kuulizauliza, awe na akili pungufu kidogo kuliko msomaji wa kawaida. Kidogo tu. Amri zote kumi zinazunguka jambo moja: anachokiona mpelelezi, msomaji naye aonyeshwe. Padri amejitahidi. Ila alisahau amri ya kumi na moja, kwamba mwandishi awasiliane nami kabla ya sura ya mwisho.

Mtasema hayo ni mambo ya Wazungu. Hapana. Nyumbani tunaye Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, pamoja na Najum, rafiki wa kuulizauliza. Sasa kitabu kinaitwa mzimu, maiti inahusishwa na mzimu, na mtaa mzima unauogopa mzimu. Mimi ni mtu wa ushahidi. Nikaukamata mzimu. Ulikuwa na mahali, ulikuwa na wakati, na sifa yake mtaani ilikuwa mbaya.

Abdulla hakunifuata. Bwana Msa wake anavuta kiko, anawatazama watu. Katika vitabu vya mzee huyu siri hupenda kukaa nyumbani: nani mtoto wa nani, nani alimwoa nani zamani, mali ilipita mkono gani. Ni mahali ambapo kila mtu anaijua nasaba ya jirani yake, kisha inakuja kuonekana kwamba alichokijua ni kile alichoambiwa. Wasomaji wanasema ndiyo maana Bwana Msa hakuwa Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu: fumbo lenyewe lilikuwa la Kizanzibari. Sawa. Ila mzimu uliachiwa huru kwa kukosa mwandishi makini.

Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, simgusi sana. Yule ni jasusi. Msomaji wake haulizi nani, anauliza Willy atatokaje humo. Hapo mimi sina cha kukisia, na kitabu kisichonipa cha kukisia nakisoma harakaharaka, usiku mmoja, bila kula. Nakidharau.

Ninachokitetea leo, na hapa najua nitapingwa, ni ile riwaya inayosemwa vibaya kila kona: ile ambayo muuaji anaingia sura ya mwisho akishuka basi la Kigoma, pacha wa marehemu, hajatajwa popote, anapiga magoti na kuungama kurasa sita mfululizo huku inspekta amesimama tu na pingu. Wasomaji huwaka. Wanasema wameibiwa, kwamba walikesha wakipima maneno ya shangazi na matope ya viatu vya mtunza bustani, kumbe yote yalikuwa ya kujazia kurasa. Mimi hutulia. Hakuna aliyepata, kwa hiyo na mimi sikukosa.

Tena inasimuliwa kwamba Mmarekani Raymond Chandler, riwaya yake ya The Big Sleep ilipokuwa ikitengenezwa filamu, aliulizwa ni nani hasa aliyemuua yule dereva. Akajibu kwamba hata yeye hajui. Samahani, Ndugu Dereva, si wewe. Dereva amekufa, muuaji hajulikani, na watu wanakipenda kitabu hadi leo kwa jinsi kinavyozungumza! Mimi ninamjua aliyemuua. Nimemwandikia mchapishaji.

Sasa, kabla ya maswali… Bahasha yangu iko wapi?

Naomba milango ifungwe. Hapana, chai isubiri. Mabibi na mabwana, mna bahati, mtaiona taaluma kwa vitendo. Bahasha ilikuwa mkononi mwangu na sasa haipo. Ni nani anayejua kilichomo? Mhasibu. Ni nani aliyenikaribia kwa kunyata? Mhasibu. Ni nani mwenye viatu vipya tarehe ishirini na nane ya mwezi? Simama, Mhasibu, watu wakuone. Ndugu Dereva, teremsha mkono, niko katikati ya ufichuzi. Unasemaje? Umesoma mpaka umefika ukurasa niliouwekea alama, na hiyo alama ina muhuri wa Kamati na jina langu?

Lete. Asante.

Vizuri. Bahasha imeonekana ndani ya kitabu, na hilo halimwondolei Mhasibu chochote. Nafasi alikuwa nayo, sababu alikuwa nayo, na viatu mmeviona. Aliyelitunga tukio hili ndiye aliyeliharibu mwishoni. Mhasibu, unaweza kukaa, lakini usitoke mjini.

Kitabu pia, Ndugu Dereva. Nirudishie. Unasema umalize kwanza? Mgeni Rasmi anakusubiri, na hukumbuki hata gari umeegesha wapi. Huna haja ya kuhangaika na kurasa zote hizo, nitakwambia mara moja aliyeua, ni… Ndugu Dereva, mbona unaziba masikio?