Sifa za Gundi ya Unga

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na gundi ya unga haijafanya hata moja kati ya hayo mawili. Haina tangazo redioni, haina chupa yenye mdomo mwembamba, na duka la vifaa vya sanaa halijawahi kuipa nafasi kwenye rafu. Kwao ni jikoni, ndani ya sufuria ileile ya uji wa mtoto. Ikilala siku mbili inanuka. Inaita mende. Inakunja karatasi, na ikimwagikia meza na kukauka, hubanduliwa kwa kisu. Kiumbe mwenye rekodi kama hiyo hawezi kuachwa bila msemaji.

Msifu hodari huanzia kwenye nasaba, na hapo gundi hii haina mpinzani. Karatasi imeundwa kwa selulosi, unga umejaa wanga, na vyote viwili, selulosi na wanga, ni minyororo ya sukari moja iitwayo glukosi. Kwa hiyo anayepaka uji wa ngano nyuma ya kipande cha gazeti anawakutanisha ndugu wa ukoo mmoja. Gundi nyeupe ya maseremala, pamoja na chupa yake na bei yake, ni mgeni wa kiwandani aliyeingia kwenye harusi ya watu bila kadi.

Mapishi yake hayahitaji cheti. Kikombe kimoja cha unga wa ngano hukorogwa kwa maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, kisha huongezwa maji ya moto, jumla yafike vikombe vinne au vitano, na mwiko usipumzike. Joto likikaribia nyuzi 60, chembe za wanga huanza kunywa maji na kuvimba, uji unakuwa mzito, na weupe wake unaanza kupenyeza mwanga. Ukishapoa hupitishwa kwenye kichujio cha chai. Mtu aliyewahi kupika uji bila kuuunguza tayari ni mhitimu.

Sasa yaje mashtaka, maana sifa zisizokutana na mashtaka ni za kulipwa.

Shtaka la kwanza ni kwamba haidumu: tia maji, inaachia. Kumbe hiyo ndiyo heshima yake kubwa. Gundi nyeupe ikishakauka huwa plastiki, na anayejaribu kuirudisha nyuma huambulia karatasi iliyochanika. Gundi ya wanga hulainika tena kwa unyevu, na ndiyo maana mafundi wa kutengeneza vitabu na michoro ya kale katika maktaba na makumbusho makubwa duniani hutumia gundi ya wanga wa ngano mpaka leo. Wanajua kwamba kesho atakuja fundi mwingine atakayetaka kufungua walichofunga wao. Mwanafunzi aliyebandika kichwa cha twiga mahali pa mkia anafaidi hekima hiyohiyo bila kulipa ada ya chuo.

Shtaka la pili ni kuoza. Hapa mashahidi wanatoka Japani. Mafundi wa huko wanaotengeneza michoro ya kukunja huitia gundi ya wanga ndani ya mitungi na kuiacha mahali pa baridi kwa takribani miaka kumi, ikiota ukungu kwa raha zake. Inayobaki huitwa furunori, gundi dhaifu na laini, na inatafutwa kwa sababu ya udhaifu huo: mchoro uliobandikwa kwayo unakunjika na kukunjuka bila kuvunjika. Mama anayemwaga bakuli la gundi la juzi akilaani harufu angetulia kidogo kama angejua kwamba amebakiza miaka tisa na ushei tu.

Shahidi wa pili ni Kurt Schwitters, Mjerumani wa Hannover aliyeokota tiketi za tramu, karatasi za peremende na vipande vya matangazo akazibandika mpaka zikawa sanaa, na kuiita Merz, kipande alichokikata kutoka katika jina la benki, Commerz. Vita vikamfikisha Uingereza kama mkimbizi, na mwaka 1940 Waingereza wakamfungia pamoja na Wajerumani wengine katika kambi ya Hutchinson, kisiwani Man. Vifaa havikuwapo. Kilichokuwapo ni uji wa asubuhi, ule wa shayiri ambao wafungwa wengine waliubakiza. Schwitters akaufinyanga kuwa sanamu. Sanamu zikaota ukungu wa kijani, zikanuka, na hakuna hata moja iliyobaki. Wapo wanaoliita tukio hilo msiba wa historia ya sanaa. Kwa upande wa utetezi, uji huo ulifanya katika wiki chache mabadiliko ya rangi ambayo mchoraji angehangaika nayo mwaka mzima.

Mende hawahitaji kutetewa sana. Wao, panya, na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaoishi kati ya kurasa hula wanga popote walipo, na wanapoishambulia picha huanzia pale gundi ilipopakwa nene mno. Mwalimu wa sanaa husema jambo hilohilo kwa maneno mengi zaidi. Asiyependa uhakiki wa namna hiyo ana dawa: wajalidi wa zamani walitia mafuta ya karafuu ndani ya gundi ili kuzuia ukungu, na msomaji wa Pemba au Unguja hana haja ya kuelekezwa yanakopatikana. Picha ikinukia biriani, ni faida nyingine.

Kukunjamana nako ni elimu. Nyuzi za karatasi zikinywa maji hutanuka, zikikauka husinyaa, na boksi la viatu lililobandikwa upande mmoja hupinda. Fundi hujifunza kupaka kidogo, kusugua kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda pembeni, kubandika karatasi nyingine nyuma ya boksi ili pande zote mbili zivutane sawa, kisha kuilaza kazi usiku kucha chini ya vitabu vizito. Kamusi iliyokaa miaka bila kufunguliwa hatimaye inapata kazi.

Lakini sifa ya unga haiishii ndani ya pakiti. Pakiti yenyewe ina mahali katika historia ya sanaa ya Afrika Mashariki, na aliyeipeleka huko ni Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru mwaka 1928, akasoma sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, mwanamke wa kwanza katika shule hiyo ya sanaa, kisha miaka mingi ikamezwa na ualimu. Aliporudi kwenye sanaa katika miaka ya 1980, rangi za dukani zilikuwa ghali kuliko mfuko wake. Akageukia takataka za nyumbani: karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga. Alizikata vipande vidogo vidogo akavipanga kimoja kando ya kingine, vikawa wanyama, wanawake wa kijijini, majani na kivuli. Ukisogea mbali ni mozaiki. Ukisogea karibu ni kapu la sokoni.

Anayedhani hiyo ilikuwa njia ya kujifariji kwa kukosa rangi atazame tena. Karatasi ya kiwandani huja na rangi zake zilizochapwa tayari, chache na kaidi. Haichanganyiki kama rangi ya mafuta, kwa hiyo kivuli kinapaswa kuwindwa kipande kwa kipande, na jicho linanolewa kwa lazima. Mwaka 1990 kazi zake zilifika Studio Museum ya Harlem, New York, katika maonyesho ya wasanii wa Afrika ambamo yeye peke yake alikuwa mwanamke. Alifariki mwaka 2021. Viwanda vya unga havikuwahi kupata tangazo bora kuliko kazi zake, na la bure.

Wakubwa wa Ulaya wanaweza kutajwa kwa ufupi, maana wana wasifu wa kutosha. Georges Braque, aliyebandika karatasi ya ukutani yenye sura ya mbao kwenye mchoro wake mwaka 1912, alikuwa amefunzwa kazi ya kupaka na kupamba nyumba. Hannah Höch wa Berlin alikipa kisu cha jikoni nafasi ndani ya jina la kolaji yake mashuhuri ya 1919. Jiko, kwa hiyo, lilikwishaingia makumbusho zamani.

Anayetaka kuanza leo na achukue pakiti ya unga, aitumie nje na ndani, pamoja na mswaki uliochakaa na boksi lolote lisilo na nta wala nailoni, kwa sababu huko gundi hii haishiki. Matone mawili ya mafuta ya karafuu yanatosha. Na bakuli aliandike jina, kabla wa nyumbani hawajalitia sukari.