Urusi ya Hollywood na Chumvi ya Kariakoo

Mjuzi wa sinema anayepita Kariakoo na kuziona diski za filamu za kigeni "zilizotafsiriwa", yaani zilizowekewa sauti ya msimulizi ambaye hufasiri mazungumzo, hufafanua visa na hutia chumvi pale anapoona hadithi imepoa, huguna na kulalamika kwamba kazi ya watu imenajisiwa. Mjuzi huyohuyo huitazama kwa heshima zote Doctor Zhivago ya mwaka 1965, ambamo daktari wa Kirusi ni Mmisri Omar Sharif, Urusi kwa sehemu kubwa ni Hispania, na wanamapinduzi hugombana kwa Kiingereza. Hapo haoni unajisi, anaona sanaa.

Lufufu, msimulizi aliyevuma Dar es Salaam, angalau aliziacha picha zilivyo. Hollywood ilipoichukua tamthilia ya Kirusi ya mwandishi Gogol, ya mwaka 1836, ambayo huwakejeli maofisa wala rushwa waliomdhania laghai mpita njia kuwa mkaguzi wa serikali, ilitoa mwaka 1949 filamu ya nyimbo na vichekesho ambamo laghai yule, akiigizwa na Danny Kaye, amegeuka bwege mwema na mwishowe anatunukiwa umeya. Kwa Gogol hakuna anayetunukiwa chochote: mkaguzi halisi amewasili, na maofisa wamekauka kwa hofu. Kuisimulia hadithi hiyo, msimulizi wa Kariakoo asingehitaji hata chumvi, kwa kuwa watazamaji wake, waliokwisha kutoa "chai" ofisini asubuhi, wangemtambua kila ofisa kabla hajafungua mdomo.